Aqal ya Mama Kabla ya Kuuza Nyumba

Dada yangu mheshimiwa Shamis,

Assalamu alaikum. Nakuarifu kwa unyenyekevu kwamba nyumba yetu ya Garissa imepakwa rangi, na tangi halivuji tena. Dalali ananihimiza: "Bwana Dekow, bomoa hiyo aqal ya mikeka uani, mwaga saruji. Mteja hanunui kumbukumbu!"

Jana niliingia kibandani humo kupima sakafu. Harufu ya uvumba wa marehemu mama ikanilaza hadi alasiri. Niliota akiikunja mikeka ya aqal tuhame, ngamia amepiga magoti akisubiri mzigo.

Kwa desturi yetu aqal ni mali ya mwanamke. Baada ya mama, ni yako. Sina mamlaka ya kuigusa. Mteja anakuja Jumatatu, lakini mifuko ya saruji haitafunguliwa kabla hujafika. Maziko hukuyawahi, wala sikulaumu. Kwa hili, abaayo, dada yangu, naomba uwahi.

Kaka yako mtiifu,
Dekow