Mkuyu Ulioagiza Ukatwe

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha mbao,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Na ule mguu, umepona au bado unachechemea? Sisi huku wazima, ila mimi nimechoka, na aliyenichosha ni wewe.

Yule mpasua mbao uliyempigia simu alikuja Jumanne na msumeno wake. "Mkubwa kasema mkuyu ukatwe leo," akaniambia. Mimi ulinieleza. Yeye ulimweleza. Mama, mwenye nyumba yake, hukumweleza, eti asipate presha. Presha kaipata yote kwa mpigo, na kelele nimezipata mimi.

Hata mimi mti huo umenifika kooni. Mizizi imepasua ukuta wa jiko, mlango tunaufunga kwa bega. Makuyu yanadondoka uani mchana kutwa, nzi hawabanduki, na Mama hataki lifagiliwe hata moja. Tunayapasua, tunayakung'uta wadudu, tunayaanika juu ya bati, tunasaga unga. Majani machanga nayo tunayachemsha tunakula mboga. Shemeji yako amesema akiula mti huo wiki moja zaidi ataota matawi. Mama hakucheka.

Lakini kuna jambo nilikuficha, na hapo kosa ni langu. Tangu tumzike Baba, Mama hali. Wali anausukuma sahani nzima, nyama anampa paka. Nguo zake nimezipunguza kwa sindano mara mbili. Nilikuwa nakuandikia "Mama mzima" kwa sababu sikujua niandike nini. Kinachopita kooni mwake ni uji wa unga wa makuyu tu, tena ayaokote mwenyewe.

Ungeuliza, ningekwambia. Hukuuliza, umeagiza tu, kama kawaida yako.

Basi mpasua mbao nimemrudisha. Jiko tutalihamishia kwenye stoo, na ukuta ukianguka utaanguka. Ukitaka kununa, nuna, ila usinitumie mtu mwingine mlangoni.

Nisalimie Wifi, kitinda mimba wako na Shangazi ukimwona. Mungu awalinde nyote, na wewe akuzidishie subira, maana yangu imekwisha.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ingawa leo kwa shida.

Barua nilikuwa nimeshaikunja. Mama amemaliza bakuli lake la uji, ananiuliza kama sufuriani umebaki mwingine.