Keki ya Darla na Viatu vya Brynn

Larch Flat,
Montana.

Jumapili, 1 Desemba 2024

Mpendwa Dada Ardis,

Nakusalimu sana, dada yangu mkubwa, na nyonga yako mpya nayo naisalimu. Je, imekubali kutembea, au bado unashikilia kuta? Kwenye simu sauti yako ilikuwa nzima, lakini nakujua. Wewe hata ukivunjika mguu utasema umeteleza kidogo tu. Niandikie ukweli. Na kifua cha shemeji Walt kinaendeleaje huko kwenye joto lenu la Arizona?

Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Theluji imewahi mwaka huu, tumeanza kuwasha jiko la kuni asubuhi na jioni. Lyle alipata kulungu mwishoni kabisa mwa msimu, baada ya kunirudia mikono mitupu Jumamosi baada ya Jumamosi, na sasa anatembea mjini utadhani yeye ndiye aliyevumbua uwindaji. Friji la barafu limejaa mpaka mfuniko haufungiki. Simlalamikii, nyama ni nyama.

Umeniuliza tena nitaacha lini kazi kwenye hiyo "shule ya watoto waliopotoka". Kwanza, dada, hawakupotoka. Waliumwa, na sasa wanapona. Pili, sina mpango wa kuacha. Unakumbuka nilivyostaafu kuendesha basi la shule nikashinda nyumbani mwaka mzima? Nilikuwa nagombana na Lyle juu ya kila kitu, mpaka namna ya kukunja taulo. Siku hizi nina bweni zima la mabinti wa kugombana nao. Nyumbani narudi nimechoka, sina hata nguvu ya kununa, na ndoa yetu imenoga.

Mabinti wenyewe ni vituko. Leo anakutukana matusi ya nguoni, kesho yake anakuja na sindano anataka umfundishe kufuma soksi. Juzi nilikuwa nawaamsha, mmoja akatoa kichwa kwenye blanketi akaniambia, "Bibi Verna, siku ukiondoka utuachie hayo mafoko yako yamerekodiwa, bila hayo hatuamki." Mpaka sasa sijui kama nilisifiwa au nilisutwa. Nimeamua nilisifiwa.

Lakini kilichonikalisha hapa na kalamu ni jambo lililotokea juzi, na linamhusu mmoja anaitwa Brynn.

Ana miaka kumi na sita, mtoto wa Spokane, ana macho makubwa na mdomo mkubwa zaidi. Aliletwa kwetu mwezi wa tano, baada ya vidonge na pombe kumwangusha. Mama yake alirudi kazini akamkuta sakafuni, na hospitalini aliambiwa asubiri tu, hawajui kama ataamka. Ni kwa neema tu aliamka. Hapa kwetu mlimani ametoroka mara mbili. Mara ya pili tulimkuta kituo cha mafuta, anambembeleza dereva wa lori la magogo amfikishe mjini.

Kwetu, anayetoroka hunyang'anywa viatu. Anabaki na kandambili za plastiki, viatu vyake vinafungiwa kabatini, na ufunguo ninao mimi. Najua utaniona mkatili. Lakini theluji ikiwa nje, mwenye kandambili hufikiri mara mbili kabla ya kuvuka ua, na huo muda wa kufikiri ndio tunaoutafuta.

Vuli yote Brynn alikuwa na wimbo mmoja: mama akija Sikukuu ya Shukrani, nitamwomba anichukue. Alikuwa akifanya mazoezi ya kulia mbele ya kioo. Shiloh, wanayelala chumba kimoja, ndiye aliyekuwa akiigiza mama. "Nimekusikia, binti yangu," anamwambia, mkono kiunoni, "ila kwanza kaoshe vyombo." Wanacheka mpaka naenda kuwagongea mlango. Kila baada ya siku chache Brynn alikuwa ananiuliza kama buti zake bado zipo au panya wamezila.

Mama mwenyewe, Darla, hakuwahi kufika hata mara moja. Wazazi wengine wakija, yeye gari limeharibika, au kazini hawakumpa ruhusa, au barabara imefungwa. Mimi nilishaanza kumchukia bila kumjua, nakwambia ukweli.

Ijumaa, siku moja baada ya Sikukuu, akatokea. Mwanamke mwembamba, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, amekumbatia bati la keki kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Tulipekua mkoba wake, tukashika dawa ya kusukutua mdomo na chupa ya manukato, maana vyote vina pombe na tumeshaona vinavyonyweka. Bati nikalifunua mimi mwenyewe, nikaona keki, nikalifunika. Nani anapekua keki?

Chakula kilikuwa maharage ya nyama na mikate ya mdalasini, kama kawaida yetu wageni wakija. Brynn alikaa karibu na mama yake, nywele amechana, mkono wake juu ya mkono wa mama. Nikajua wimbo uko mdomoni, anangoja nafasi tu. Darla akakata keki.

"Ya bibi yako," akamwambia. "Nimeipika vilevile alivyokuwa anaipika, sijaruka kitu."

Brynn akainua kipande. Kilipofika puani akasimamisha mkono, akakirudisha sahanini polepole. Uso ulikuwa umempauka.

"Mama, umetia brandi?"

"Si ndiyo keki yenyewe? Naimwagia brandi kila wiki tangu Oktoba, ndivyo inavyoiva."

"Siwezi kula."

"Onja tu kidogo, mwanangu. Hii ni keki, sio chupa."

"Mama, siwezi. Nikionja nitakula yote, halafu nitaanza kutafuta ilikotoka."

Meza nzima ikaweka vijiko chini. Shiloh, ambaye kimya humwasha mwili, akasema, "Basi wapewe kuku, nao washerehekee." Hakucheka mtu. Darla alikuwa ameshasimama.

"Mama yangu alikupikia keki hii kila Krismasi ya maisha yako," alisema. "Leo amekufa, keki yake imegeuka sumu?" Kisha akatugeukia sisi wenye shule. "Mmemfanya nini mtoto wangu? Mtoto anaogopa keki! Brynn, kachukue vitu vyako, tunakwenda nyumbani. Na wewe, mama, mpe viatu vyake."

Mama huyo ndiye mimi. Mshauri wetu alimsihi kwa upole angalau alifikirie jambo hilo usiku mmoja, akakataa katakata. Naye ni mzazi, ndiye aliyesaini aletwe, anaweza kumtoa. Alichukua mkoba akatoka, tukasikia gari linawashwa.

Nikaenda kabatini. Dada, sijawahi kushika ufunguo mzito namna ile. Nikazitoa buti zake, za kahawia zenye kamba nyekundu, nikaziweka mlangoni. Brynn akaja akasimama akizitazama. Kile alichokuwa akikililia vuli yote kilikuwa mbele yake, na hakuhitaji hata kudondosha chozi. Nilitamani kumshika mkono. Nilitamani kufoka. Nikauma meno nikanyamaza, maana nikisema mimi, atakuwa amebaki kwa ajili yangu, na hilo halimalizi wiki.

"Bibi Verna," akasema bila kuniangalia, "nikienda sasa hivi, ni kutoroka?"

"Hapana. Leo una ruhusa."

"Ndo mbaya zaidi."

Akafungua mlango. Baridi ikaingia mpaka jikoni. Akasimama palepale kizingitini na kandambili zake, akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Mama! Sipandi!"

Kioo cha gari kikashuka. "Unasemaje?"

"Nimesema sipandi! Sijapona, mama! Nikirudi sasa nitarudi kulekule, na wewe ndo utanikuta tena sakafuni. Sitaki unikute tena sakafuni!"

Kioo kikapanda na gari likaondoka. Kweli liliondoka, dada. Lilishuka taratibu mpaka getini, na mimi nikasema moyoni, huyu mwanamke akienda hivi, mtoto ataanguka hapahapa mbele yangu. Brynn hakusogea. Vidole vya miguu vilikuwa vimegeuka vyekundu kwa baridi. Nikamwambia aingie ndani, akatikisa kichwa.

"Akiangalia nyuma anione," akasema.

Pale getini gari likasimama. Likakaa. Halafu mlango ukafunguka, Darla akashuka, akaliacha linaunguruma na mlango wazi, akapanda ule mteremko kwa miguu, anateleza, anainuka, anateleza tena. Walipokumbatiana mimi nilikimbilia jikoni, nikajifanya naangalia mikate. Nililia kama mjinga, na Shiloh akaniletea kitambaa cha vyombo, cha majimaji, nijifutie.

Alasiri yote walikaa na mshauri. Baadaye Darla alikuja kunisaidia kukausha sahani, na hapo ndipo nilipopata jibu la yale magari yaliyokuwa yakiharibika. Hayakuharibika. Alikuwa akiogopa kuja, alisema, kwa sababu alijua Brynn akimlilia tu, atamchukua, na akimchukua atamzika. Kwa hiyo alikaa mbali, akaacha mtoto amwone hana moyo. Nilimwomba radhi kimoyomoyo kwa yote niliyomfikiria.

Jana wamepika keki nyingine, bila brandi, wameilowesha kwa juisi ya tufaa. Imeungua upande mmoja na katikati ni uji. Mabinti wameigombania mpaka makombo. Ile ya kwanza niliileta nyumbani, na Lyle baada ya vipande vitatu alilala kwenye kiti na buti zake, mdomo wazi.

Leo asubuhi Darla ameondoka. Brynn anabaki kwetu mpaka majira ya kuchipua, wamekubaliana wenyewe. Sikuambii kwamba amepona. Wiki ijayo anaweza kunirushia sahani. Nilimsindikiza mama yake mpaka kwenye gari, nikadhani atalia, nikawa nimeandaa maneno ya kumtuliza. Hakulia. Alikaa kwenye usukani, akaniangalia, akasema, "Miaka miwili mtoto alikuwa analala nyumbani kwangu na sikujua yuko wapi. Leo namwacha mlimani, na ndiyo mara ya kwanza najua nikirudi nitamkuta."

 Nilimfungia mlango tu, nikampungia mkono.

Kwa hayo naweka kalamu chini, dada, mkono umechoka na Lyle anauliza chakula. Msalimie shemeji Walt, umwambie sehemu yake ya kulungu inamngoja akija kiangazi. Msalimie binti yako Jolene na mumewe na wale mapacha, uwabusu mashavuni kwa niaba yangu hata wakikimbia. Mungu aitie nguvu nyonga yako, aibariki nyumba yako, na atukutanishe tungali na meno ya kutafunia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Verna