Poda ya Mama na Doa Lililobaki

Jumanne. Joto la leo halina adabu, na kichwa changu kimevurugika. Duka la Kariakoo sijafungua. Naandika hapa maana sina wa kumwambia.

Wiki iliyopita niliona chuchu ya kushoto ya mama imezama ndani. Ana miaka sabini na mbili. Akasema ni uzee tu, hapaumi, nimwache. Nikambembeleza mpaka akakubali kwenda kupigwa picha ya matiti.

Leo asubuhi nimemfuata kwake Magomeni, nikamkuta ameshaoga, kanga mpya, poda kifuani na kwapani, nyeupe pee. Mama yangu hawezi kwenda mbele za watu ananuka jasho, sembuse kwa daktari. Hata mimi ningepaka.

Kumbe poda nayo inatoka kwenye picha, vidoti vyeupe kila mahali. Dada wa mashine akampa kitambaa chenye maji ajifute, wakaanza upya. Mama akacheka. Mimi nikashusha pumzi.

Kisha daktari akaniita peke yangu, mama akabaki kwenye benchi. Ndivyo tulivyo. Mgonjwa akiwa mzee, anaanza kuambiwa mtoto.

Akasema kwa umri wa mama picha inasomeka vizuri. Nikasema alhamdulillah, nikidhani maana yake ni mzima. Akaniangalia kwa huruma, akaeleza taratibu. Titi la msichana limeshiba nyama, kwenye picha linatoka jeupe, na uvimbe nao mweupe, unaweza kujificha humo. La mwanamke mzee mara nyingi limebaki mafuta, na mafuta yanatoka meusi. Kwa hiyo uvimbe ukiwepo unaonekana waziwazi.

Vidoti vya poda vilikuwa vimeondoka vyote. Limebaki doa moja jeupe, kingo zake zina vijimizizi kama vya kitunguu. Akasema doa hilo linamtia wasiwasi, Alhamisi wachukue kinyama wakakipime. Kwamba ni saratani hakusema, kwamba siyo hakusema.

Sasa nishike lipi?

Nilipotoka mama akauliza wamesemaje. Nikajibu ni poda tu.

Nimemwongopea mama yangu. Mdomo ulitangulia, mimi nikafuata. Njia nzima nikawa natunga kisingizio cha kumrudisha hospitali Alhamisi, na kila nilichotunga nilikiona cha kitoto.

Jioni tumekaa uani kwake tunachambua mchele. Akasema bila kuniangalia, "Poda nilijifuta mwenyewe, mwanangu. Baada ya hapo titi la kulia wamelipiga picha mara moja, la kushoto mara tatu."

Akapepeta kidogo, akaweka ungo chini.

"Haya, tunarudi lini?"

Nikamwambia Alhamisi. Akaitikia kwa kichwa, akauchukua ungo wake, akaendelea. Machozi yalinitoka mimi.

Mchana kutwa nilijiona ninambebea mama mzigo. Kumbe alikuwa nao tangu kwenye mashine, akacheka ili mimi nisiogope. Sasa nani kati yetu alikuwa anamlinda mwenzake?