Pole kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Machi

Nimelikuta daftari hili chini ya cherehani ya Baba. Nusu limejaa vipimo vya wateja wake wa zamani — kifua 40, kiuno 36, "bega la kushoto limeshuka" — na nusu tupu. Nusu tupu ni yangu kuanzia leo. Kwenye kompyuta siandiki neno langu hata moja. Ile mashine inapiga picha ya skrini kila baada ya dakika kumi na kuipeleka kazini. Karatasi haimpelekei mtu umbea.

Ofisi yangu ni chumba cha nyuma, alichokuwa akishonea Baba. Meza ni ile aliyokuwa anakatia vitambaa, bado ina chaki kwenye nyufa. Nikiegemea vibaya naingia kwenye kikao cha video na mstari mweupe mkononi, wote wanauona, hakuna anayeuliza.

Pembeni mwa picha yangu kwenye skrini kuna kitone. Kijani maana yake nipo kazini. Nisipogusa kipanya dakika tano kinageuka kijivu, na kijivu kinaandikwa. Naenda chooni na kompyuta kwapani! Mtu mzima na shahada yangu. Bosi (humu ataitwa Bwana Dakika) hajawahi kuniuliza kazi imekwendaje. Anauliza dakika.

Zimebaki siku ishirini na tano. Tarehe 28 miezi sita ya majaribio inaisha. Nikithibitishwa bima inaanza, na bima inamhusu mzazi. Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na upasuaji wake unasubiri tarehe hiyo tu. Tatizo ni kwamba nina kosa moja tayari: Januari, kitone kijivu dakika kumi na saba. Baba alikuwa amejimwagia chai ya moto mguuni. Makosa mawili, kwaheri ya kuonana. Nilieleza habari ya chai. Bwana Dakika akajibu kwamba anaelewa kabisa. Na kosa akaliandika.

Jumanne, 4 Machi

Kuna mtu mmoja tu anayenichekesha kule. Jirani. Namwita hivyo kwa sababu picha yake inakaa ubavuni mwa yangu. Yeye yuko mji mwingine kabisa, hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kampuni nzima ni sisi wawili tu tunaojua Kiswahili. Na yeye yuko kwenye majaribio, tuliingia wiki moja. Mkewe amejifungua mapacha, wana wiki tatu. Leo kaja kikaoni amevaa fulana ndani nje. Nikamwandikia: lebo! Akajibu kwamba hiyo ndiyo mitindo ya baba wa mapacha.

Kuandikiana pembeni saa za kazi ni marufuku. Kila kitu kwenye kundi la wote, eti kwa ajili ya uwazi. Basi tunataniana kwa Kiswahili mbele za watu kumi na wanne. Chini ya kila ujumbe kuna kitufe cha tafsiri, na leo sijui mashine iliitafsirije ile mitindo, Bwana Dakika akauliza kama ni programu mpya na nani kairuhusu. Nilicheka mpaka Baba akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika huku chakula kinapoa.

Saa nne na dakika arobaini asubuhi miadi yote ya kliniki za meno ikafutika. Ndiyo kazi yetu hiyo, mfumo wa kuwapangia wagonjwa siku na saa. Kliniki zaidi ya mia mbili, kila moja imefungua ukurasa mweupe. Mtu kalala na jino tangu juzi, anafika, jina halipo!

Simu ikalia. Jirani. Dada, ni mkono wangu, akasema. Nilidhani nasafisha ule mfumo wa majaribio, kumbe nipo kwenye ule wa wateja wenyewe. Nyuma yake watoto wote wawili wanalia. Nikamwambia tulia, nakala ya jana ipo, tunairudisha.

Kwenye kundi watu wamechachamaa, kuna nini, kuna nini. Jirani kaandika tu kwamba kila kitu kimepotea. Na mimi chini yake nikaandika: "Pole sana. Pole jamani. Tunarudisha." Basi. Mtu kafikwa, unampa pole. Ningeandika nini kingine?

Kufikia saa saba kila kitu kilikuwa mahali pake. Nimerudisha mimi, acha niseme ukweli, hapa hakuna wa kunisikia. Yeye alikuwa ananisomea namba na kukosea. Asante hatukupewa. Kitone kilibaki kijani muda wote.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Dakika anataka jina. Mimi na Jirani tunaingia kwenye mfumo kwa akaunti moja — ya pili walikataa kutupa — kwa hiyo kumbukumbu zinaonyesha ni mmoja wetu, haijulikani yupi. Nimenyamaza. Nampa nafasi aseme mwenyewe. Mwanamume mzima, baba wa watoto wawili. Atasema.

Hajasema.

Jumatatu, 10 Machi

Ripoti imetoka. Kurasa tisa! Ukurasa wa nne: saa nne na dakika arobaini na tatu, mhusika alikiri kosa na kuomba radhi mbele ya timu. Mhusika ni mimi. Ushahidi ni ujumbe wangu, umepigwa picha pamoja na tafsiri ya mashine. Pole imekuwa sori. Tena si moja. Sori sana, halafu sori jamani.

Kwanza nilicheka. Peke yangu, kwa sauti. Halafu nikasoma tena. Hili ni kosa la pili.

Kiingereza hakina pole! Mwaka wa ngapi huu nakitumia na sikuwahi kuligundua hilo. Mtu akifiwa wanamwambia sori, wakimkanyaga wanamwambia sori, samahani na pole wamezipika chungu kimoja. Sisi pole tunayo mfukoni kwa kila mtu. Mwenye mafua, pole. Aliyetoka safari, pole. Fundi anatoka jasho juu ya paa, unapita zako barabarani na humjui, pole. Kama ni kukiri makosa basi mafua yote ya mtaa huu nimeyaleta mimi.

Nimewaandikia aya nne kueleza neno moja. Jirani sikumtaja, nimeeleza neno tu. Jibu limekuja baada ya dakika sita: maelezo yamepokelewa, yatathibitishwa na mtu anayeijua lugha hiyo, kikao Jumatano. Nikauliza mtu gani. Ni Jirani!

Roho imeshuka mahali pake. Huyo anajua. Hata kama anaogopa kusema ni yeye, kusema pole ni nini hakumuumizi.

Jumatano, 12 Machi

Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye meza. Kitone kijivu. Na kiwe kijivu.

Kikao cha dakika kumi na tano. Jirani hakuwasha kamera, kasema mtandao wake mbovu. Nikaeleza tena. Bwana Dakika akasema asante, sasa anamuuliza mwenzangu swali moja na anaomba jibu fupi: neno hili maana yake ni sori, ndiyo au hapana?

Nikasikia mtoto analia, kwa hiyo kipaza sauti kilikuwa wazi, hakukuwa na mtandao mbovu wala nini. Nilimsikia hata akimeza mate.

Ndiyo, akasema. Maana yake ni sori.

Hakudanganya! Hilo ndilo linalonichoma. Fungua kamusi yoyote, itamtetea. Angesema uongo ningemshika pabaya. Kachukua ukweli mdogo kama sindano akanichoma nao, kisha akajitia hamnazo. Nikapiga kelele, nikasema ni wewe, ulinipigia simu, ulisema ni mkono wako! Kwa Kiswahili. Watu wote wanatazama nyuso zao wenyewe. Bwana Dakika akaomba nitumie lugha ya kikao. Nikarudia. Akauliza kama simu hiyo ina maandishi. Haina. Akasema zimebaki dakika nne, tuzitumie vizuri, akafungua ajenda nyingine.

Jumba bovu limeniangukia. Namchukia. Naliandika kabisa: namchukia, na mapacha wake hawana kosa, na bado namchukia.

Alhamisi, 13 Machi

Kapiga mara sita. Sikupokea.

Baba sijamwambia. Yeye anahesabu siku kuliko mimi. Leo asubuhi kamwambia jirani yetu wa kweli, yule mama wa ukuta wa pili, kwamba mwezi ujao atasoma daftari lake la vipimo kwa macho yake mwenyewe. Mungu wangu, daftari lenyewe ndilo hili! Akipona atayakuta yote.

Mchana alikuwa anashona kifungo cha shati langu kwa kupapasa. Uzi anautia sindanoni kwa ulimi na kidole, anajivuna nao. Sindano ikamwingia chini ya ukucha. Akasema aah. Mimi niko pale pale, hatua mbili. Nikafungua mdomo na neno halikutoka. Nilimwona Bwana Dakika analiandika.

Baba akanyonya kidole, akasubiri. Kisha akageukia upande niliokuwa.

"Leo hata pole sipewi?"

"Sikukuona, Baba."

"Mimi ndiye nisiyeona, mwanangu. Wewe una nini?"

Nikasema kazi nyingi tu. Akaendelea kupapasa kifungo. Nililia kwenye meza yake ya kukatia, kimya kimya, kipanya nakisukuma kwa kiwiko ili kitone kisigeuke.

Ijumaa, 14 Machi

Fomu ilikuja saa tatu asubuhi. Visanduku viwili tu. Cha kwanza: nakubali kosa, mkataba unaisha leo. Cha pili: sikubali, na ninaambatisha ushahidi wa maandishi. Mwisho saa kumi kamili. Nisipojibu inahesabika nimekubali.

Ushahidi wa maandishi sina. Nimepekua ujumbe wa miezi mitano. Utani, lebo ya fulana, mapacha wamelala, mapacha wameamka. Hakuna kitu.

Saa nane na nusu kundi likalia. Jirani. Amenitaja, kisha maneno mawili.

"Pole, dada."

Mbele ya watu wote kumi na wanne. Nadhani amechoka kupiga simu. Au hakufikiri, maana neno lenyewe halisubiri mtu afikiri, mimi najua. Nimeyatazama mpaka herufi zikaanza kucheza. Kisha nikabonyeza kitufe cha tafsiri. Sori, dada.

Basi! Maandishi haya hapa. Tafsiri hii hapa. Na aliyethibitisha kwamba pole maana yake ni sori ni yeye mwenyewe, kikaoni, mbele ya wote. Kwa sheria yao hiyo hiyo amekiri. Nimepiga picha. Nimeiambatisha kwenye kisanduku cha pili. Imeingia mara moja, hata mtandao leo hausumbui.

Saa tisa na nusu. Bado sijatuma.

Yeye akiondoka, bima wanayoisubiri mapacha inaondoka naye. Nikiondoka mimi, Baba anabaki na kupapasa. Aliponichoma hakufikiria haya. Au aliyafikiria, na akasema ndiyo hivyo hivyo.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Ameandika pole, au ameandika sori? Kama ni pole, basi ananitazama nikizama na kunihurumia kutoka ukingoni, na nibonyeze sasa hivi. Kama alitaka kusema samahani — samahani ipo! Ni neno letu pia. Kwa nini hakuliandika? Au aliogopa kwamba hilo ndilo lingetafsirika sawasawa?

Saa tisa na dakika arobaini na tano. Kitone kijani, kidole kwenye kipanya. Nikituma, nimelitumia neno vile vile walivyolitumia wao. Sitakuwa na wa kumlaumu tena.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili. Simu inalia, niliiacha sebuleni. Baba ameipapasa, amekuja nayo mlangoni, ameishika mbali na uso kama anayetaka kuisoma. Nani huyu, anauliza, mbona jina silioni. Halafu: nipokee au nikate?

Zimebaki dakika nane. Kidole cha Baba kiko juu ya kioo, na bado kina plasta ya ile sindano.