Ndoo za Masika

Jumamosi, 12 Aprili

Majani ya mwarobaini yamekauka vizuri. Nimeyatandaza ndani ya ndoo, mchele juu, majani tena, kifuniko. Fukusi waje wajaribu! Ndoo ya pojo, hizi choroko za kijani, bado nusu. Unga sijaanza, hauweki siku nyingi. Samaki wa ng'onda nimewatundika jikoni kwenye moshi. Paka analia chini yao kama aliyefiwa.

Kila nikienda Ukunda kununua ngano ya maandazi, naongeza kibaba kimoja cha akiba. Kimoja tu, hakiumizi mfuko. Mume wangu Bakari ananicheka, ati nafungua duka chini ya kitanda. Acheke. Hoteli yake huko Diani ikikosa wageni masika haya, atarudishwa nyumbani bila mshahara kama mwaka jana. Mwaka jana watoto walilalia chai ya rangi. Sirudii.

Mama amefunga. Anazifunga zile sita za Shawwal. Mwenyezi Mungu amtakabalie. Tangu baba afariki nikamleta kwangu, yeye ndiye mpishi wetu wa mchana, mimi niko barabarani na maandazi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Maandazi yamelala.

Mama amefunga tena. Jumatatu na Alhamisi ni sunna, sawa. Ila amepungua, leso inamzunguka kiunoni mara mbili. Nimemwambia. Akaniambia nitazame maandazi yangu yanaungua. Na kweli yaliungua.

Vibaba vya mchele nampa Mama avitie chini ya majani, na ndoo imejaa haraka kuliko nilivyodhani. Mkono wangu una baraka.

Jumamosi, 3 Mei

Mama amefunga. Jumamosi! Anasema analipa. Analipa nini? Ramadhani nzima alifunga mbele ya macho yangu, na mambo ya kike yalimwisha hata sijaolewa. Aliyefunga humwambii ale, utabeba dhambi.

Magharibi alifungua kwa tende na uji mwepesi, wali akawasogezea watoto. Ati ameshiba. Nimeudhika.

Jumanne, 6 Mei

Bakari amerudi na begi lake. Wamepumzishwa mpaka wageni warudi. Alikaa barazani bila kuvua viatu, nikamvua mimi. Nikamwambia ndoo zipo. Safari hii hakucheka. Akanishika mkono, jambo asilolifanya mchana.

Jumatano, 7 Mei

Nimefungua ndoo ya mchele. Kuondoa majani ya juu, nakuta mafundo. Mafundo madogo ya kitambaa, mengi, ndani ya kila moja mchele wa kumtosha mtu mmoja mlo mmoja. Kitambaa nakijua. Ni leso ya Mama, ile ya maua mekundu aliyonibebea mgongoni. Ameichana vipande.

Yeye ndiye anayepima mchele wa mchana. Anatoa sehemu yake kabla ya kupika, anaifunga, anaitia ndooni. Kisha anasema ana saumu.

Nimekaa sakafuni nikalia mpaka kamasi. Halafu hasira zikaja. Mimi naweka akiba asilale mtu njaa humu ndani, kumbe akiba yenyewe inamla mama yangu!

Nimemkabili. Hakukana. Akasema yeye mzee, tumbo lake dogo, mimi nina watoto. Basi. Akaendelea kupepeta. Kesho Alhamisi atafunga tena, na nani atamkataza sunna?

Alhamisi, 8 Mei

Kabla ya alfajiri nimemwambia: Mama, nami nimefunga. Kila siku utakayofunga tuko pamoja, hata ulipe mpaka Kiyama. Vidonda vyangu vya tumbo anavijua, amenikanda miaka na miaka.

Asubuhi nimekaanga maandazi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika tumbo. Sikuigiza, liliuma kweli. Mama anapita, anarudi. Anafagia palipofagiwa. Ananiambia mgonjwa hafungi. Nikamwambia sunna ni sunna.

Adhuhuri haijaadhiniwa, nikasikia mtu ameketi kwa kishindo kwenye kigoda nyuma yangu. Mama, na ndizi mkononi. Akaimenya akinikazia macho, akaila yote. "Haya, nimekula. Na wewe kula, mjinga we!"

Nikala. Tumecheka mpaka Bakari akaja kuuliza kuna nini. Nampenda mwanamke huyu, na ananichosha.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua bado. Wali, pojo na ng'onda. Nimefungua fundo moja nikalimwaga chunguni pamoja na mchele wa wote. Yatakwisha hivyo, moja moja, naye akila. Bakari anasema masika ni marefu na ndoo si kisima. Najua. Tutapunguza sote, watoto mwisho.

Kipande chake cha leso nimekifua, vikitimia vyote nitavishona.

Mama amemaliza sahani yake. Akauliza kama ukoko upo. Nimempa wote, watoto wakanuna.