Kizingiti cha Milimita Mbili

Gerejini kwa Baba,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, na kabla sijasema lolote nijulishe hali yako. Mgongo umepona? Wifi hajambo? Na watoto, wameizoea baridi ya huko au bado wanalala na soksi? Sisi huku miili ni mizima. Shangazi anakohoa kila asubuhi, lakini akishapata chai kikohozi kinaupisha mdomo, na hapo hakuna wa kumnyamazisha.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningetafuta pa kuchepukia. Karatasi haina kona za kujifichia.

Pongezi zako nilizipata. Ulisema nimeiokoa gereji na nimelilinda jina la Baba. Kaka, zimenichoma. Aliyekusimulia ni Shangazi, na hakusema uongo, ila siku hiyo alikuwa jikoni. Aliusikia mngurumo wa injini, hakuusikia ulimi wangu.

Unaikumbuka pikipiki ya magurudumu manne ya mkunga, ile anayopandia vilima kwenda kuzalisha. Injini yake ni ya silinda mbili, ya zile za mipigo miwili zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Silinda za zamani zilikuwa zimechubuka vibaya, ndiyo maana Baba akakuomba umtafutie nyingine. Ulizotuma zilifika salama, nazo ni nzuri; aliyezichonga matundu alikuwa na mkono mtulivu. Tena ulimwambia Baba kwenye simu, nikiwa nimesimama pale pale, kwamba matundu hayo yamechongwa kwa ajili ya krenki ya mwendo mrefu, ile inayoipandisha pistoni juu zaidi na kuishusha chini zaidi. Hukukosea popote. Usije ukajitafutia lawama.

Kwenye rafu tulikuwa na krenki mbili za injini hiyo, zinafanana kama kurwa na doto. Moja ni ya mwendo wa kawaida, ya pili ni ya mwendo mrefu, tuliitoa kwenye mashine iliyotumbukia korongoni. Kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha, lazima upime. Na Baba alipima. Nilimwona amekipeleka kile kipimo cha chuma dirishani, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakisogeza usoni mpaka ukadhani anakinusa. Halafu akaweka mkono juu ya krenki moja akasema, "Ni hii." Haikuwa hiyo.

Injini ikafungwa, ikawaka. Penye tambarare ilikwenda bila taabu. Lakini pistoni ilikuwa haishuki vya kutosha. Ilipofika chini kabisa bado ilibaki imeyaziba matundu kwa milimita mbili, na juu nako haikufika mahali pa kubana vizuri. Injini ya hivyo ni kama mtu mwenye pumu: akiwa amekaa humjui, mpandishe ngazi ndipo utamjua.

Mkunga aliijulia kilimani. Alikuwa ameitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na mashine ikamfia katikati ya mlima, mikoba ikiwa nyuma. Akaiacha njiani akapanda kwa miguu. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa jirani ambaye hakuwahi hata kumzalisha mbuzi. Mama na mtoto ni wazima, tumshukuru Mungu. Lakini mkunga aliporudi na mashine imefungwa kamba nyuma ya gari, hakugomba. Alisema tu, "Mafundi, safari hii tumeponea chupuchupu." Afadhali angegomba.

Hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda. Asubuhi, uwanja umejaa wateja, nikalifungua bomba la moshi, nikaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikafika chini, nikachungulia tunduni. Nikakiona kizingiti wazi kabisa, ukingo wa pistoni umesimama juu ya sakafu ya tundu. Nikamwita Baba aje atazame.

Alikuja akifuta mikono. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Iko sawa," akasema.

"Sawa wapi, Baba? Huoni hiki kizingiti cha milimita mbili?"

"Nimesema iko sawa."

Kaka, ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, haya, tutaitazama tena baadaye, nikasubiri watu waondoke. Badala yake nilimshika mkono. Mbele ya mkunga, mbele ya dereva wa lori, mbele ya Kidevu muuza vipuri ambaye unamjua mdomo wake, nilikikamata kidole cha Baba kama unavyokamata kidole cha mtoto unayemfundisha kuandika, nikakiingiza tunduni. Nikasema, "Basi papasa, kama huoni."

Akapapasa. Nilikihisi kidole chake kinakwama kwenye ule ukingo, kinarudi, kinakwama tena.

Kidevu akacheka. "Mzee, milimita mbili zimekutoroka," akasema, na wengine wakafuatia. Na mimi, Kaka, nilitabasamu. Hilo sijamwambia mtu mwingine yeyote. Baba alikikunja kile kitambaa chake vizuri, akakiweka juu ya meza, akaingia ndani.

Yaliyofuata ndiyo aliyokusimulia Shangazi. Niliishusha injini, nikaitoa krenki ile, nikaweka ya mwendo mrefu, nikapima juu na chini, kila tundu likafunguka kama lilivyochongwa. Ilipowaka, ilinguruma mpaka sufuria za Shangazi zikatetemeka. Mkunga aliipandisha kilima na mikoba yote akarudi anacheka. Watu wakanipa mkono. Nilivimba kichwa siku nzima.

Tangu siku hiyo Baba hakukanyaga uwanjani. Akikaa, anakaa ukingoni mwa kitanda chumba cha nyuma, redio mkononi. Ukuta ule ni mwembamba. Nikiwasha injini, nasikia redio inapunguzwa, nikizima, inapandishwa. Nikajua anasikiliza kazi. Mteja akija kumwulizia, anajibu kupitia dirishani, "Muulizeni fundi, yuko hapo nje." Kwa sauti nzuri kabisa, ya heshima. Nami ndiyo huyo fundi. Sijapata kulichukia neno hilo kama siku hizo.

Halafu ukaja ujumbe wako kwenye simu yake. Alinifuata jikoni akanipa ile simu. "Kaka yako ameandika. Nisomee."

Nikasoma. Ulikuwa umemwandikia kwa mapenzi, najua. Ulisema amefanya kazi ya kutosha, sasa amwachie dada usukani, yeye apumzike. Ulisema anapaswa kujivunia. Nilisoma bila kumtazama usoni, na neno "upumzike" nikalipita upesi. Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Amesema kweli," akachukua simu yake akaondoka. Nilibaki pale chai ikichemka na kumwagika kwenye moto.

Nikamfuata. Nilipiga magoti mlangoni nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Krenki ilikuwa siyo?" akaniuliza.

"Ilikuwa siyo."

"Mama wa watu angeweza kufa kule mlimani?"

"Angeweza."

"Sasa unaomba radhi ya nini?"

Nikamwambia, "Ya kidole, Baba."

Kisha akasema kwamba macho yake yameingia ukungu, la kulia zaidi. Mistari ya kipimo ameacha kuiona zamani. Amekuwa akipima kwa ukucha, kwa uzi, kwa mazoea. Siku ile alijua kabisa hana hakika. "Niliona haya kukuomba unisomee," akasema. "Nimekufundisha mimi kukisoma kile kipimo. Nitakuombaje?"

Na hapa ndipo pabaya kuliko pote, Kaka. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimemwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Nilikuwa nimemwona akisubiri mtu aseme kwanza ndipo amtambue kwa sauti. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kila kazi aliyoshindwa kuiona ilikuwa inakuja mezani kwangu. Nilitaka ile meza. Sikumwombea mabaya, lakini nilikaa kando nikayangoja. Siku ile niliposema "kama huoni," haukuwa ulimi ulioteleza. Nilijua ninapogusa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa, nilikanyaga kwa makusudi.

Nilimwambia hayo pia. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama ile krenki ya kawaida nimeipaka oili kabla ya kuirudisha kwenye rafu.

Nikadhani nitasafisha kwa kusema hadharani. Wateja walipojaa tena nikawaambia, Kidevu akiwamo, kwamba siku ile nilimkosea adabu baba yangu, kwamba kazi yote ninayoijua nimeipata kwake. Niliwahi pia kumwambia Kidevu kwamba akilitaja tena lile neno la milimita atatafuta mahali pengine pa kuuzia vipuri. Nilikuwa na machozi, nikijiona nimefanya jambo la maana.

Jioni Baba aliniita. Ndiyo mara pekee aliponikaripia katika mambo yote haya. "Usinisimamishe tena mbele za watu," akasema, "hata kwa kunisifu. Mimi si mashine ya kutolewa nje ionwe." Hakupaza sauti. Nikaona haya ya pili imeipanda ya kwanza.

Sasa habari njema. Amekubali kwenda kwa daktari wa macho, nami nimempeleka. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Daktari anasema watafanya upasuaji wa jicho la kulia kwanza, na kwamba wengi hurudi kuona vizuri. Baba alimuuliza kama ataweza kuiona mistari ya kipimo. Daktari akasema, "Mzee, huenda ukaiona kuliko mimi." Njiani kurudi alikuwa amenishika begani. Hakuliachia bega hata tulipofika penye lami nzuri.

Siku hizi anatoka kidogo, wateja wakishapungua. Anavuta kigoda karibu na injini niliyoifungua, anaishika ndani kwa vidole, nami nasoma namba kwa sauti. Hatuzungumzi zaidi ya namba. Nisiposoma upesi anasema, "Enhe?" Hiyo "enhe" naipokea kama zawadi.

Kaka, nina ombi moja. Usinisifu tena kwake. Wala usimpigie simu ukamwambia nimekuandikia, au kumpa pole ya macho kabla hajakwambia mwenyewe. Mpigie kama ulivyokuwa ukimpigia. Muulize zile silinda ulizotuma zilifungwa vipi, umwache asimulie yeye. Akisema alikosea yeye, usimpinge. Akisema nilikosea mimi, mkubalie. Na akikwambia kwamba kazi ilikwenda vizuri, silinda zikaoana na krenki bila tatizo lolote, basi, Kaka, mwambie hongera.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, mmoja mmoja, hata yule asiyependa. Shangazi anakusalimu na anasema mbona hukumbuki kumpigia yeye. Mkunga naye anakushukuru kwa silinda. Mungu akulinde huko uliko, akutie nguvu za mgongo, na atupe sote macho ya kuonana tena.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku ambazo sina uso wa kukutazama.