Darasa Juu ya Farasi wa Zimamoto

Jumatatu, 6 Aprili 1891

Tumehamishwa! Shule imefurika. Nilipoanza mwaka wa kwanza tulikuwa mia mbili na ushee. Leo Mwalimu Mkuu Haskell kahesabu mia tano thelathini, na jengo ni lile lile, ngazi ni ile ile, vyoo — afadhali ninyamaze. Watatu dawati moja, wengine wamekaa madirishani. Basi wazee wa halmashauri ya shule wamekaa wakaamua: wasichana wa mwaka wa mwisho watoke, wavulana wabaki. Na tumepelekwa wapi? Ng'ambo ya barabara, orofani kwenye kituo cha zimamoto! Chini yetu farasi sita wa kukokota gari la maji. Eti sisi wapole, hatutalalamika. Thubutu!

Wavulana walipotuona tunavuka na vitabu wakaanza kulia kama farasi, Thaddeus Wickham akiwa kiranja wao. Rafiki yangu Minna kamjibu palepale: lia tena, Thad, sauti hiyo inakufaa kuliko ile ya Kilatini. Nilicheka mpaka kamusi yangu ikaangukia kwenye matope.

Harufu sasa! Mama amenivulisha viatu nje.

Alhamisi, 23 Aprili

Kengele ya moto mara tatu leo. Sakafu inatikisika, kwato zinapiga, wanaume wanafoka, gari linatoka mbio. Na Bi. Thorne, mwalimu wetu wa Kilatini, mwembamba kama ufito, hajali hata kidogo. Kasema aliyesimama kujibu asikatishwe na kengele wala na farasi. Kidevu juu. Sauti itoke tumboni. Mtu aliye kule chini bandani asikie kila neno. Tena! Tena! Koo langu linawaka moto.

Nilipokuwa natamka kipande changu kwa mara ya nne, sauti ikapanda kutoka chini, ya Kapteni Dooley: "Binti, jana hukusema hivyo!" Tukatazama kitabuni. Loo! Kweli nilikuwa nimeruka mstari. Kapteni wa zimamoto ananisahihisha Kilatini! Bi. Thorne kacheka mpaka akakaa. Sijawahi kumwona akikaa.

Ijumaa, 15 Mei

WA KWANZA! Mimi! Ottilie Brandmeier, binti wa fundi mapipa!

Tunahitimu arobaini na mmoja, wasichana ishirini na saba, maana wavulana wengi waliacha wakaenda viwandani. Wenye alama za juu kumi watahutubia siku ya mahafali. Sita ni wasichana. Mwenye alama za juu kabisa anahutubia wa mwisho, na mwaka huu ni mimi. Thaddeus wa pili, nusu alama nyuma yangu. Alisimama mbele ya ubao wa alama kama amemwagiwa maji. Nilitaka kumlilia kama farasi, nikajizuia. Karibu nishindwe.

Baba aliposikia aliinuka palepale. Akatoka nje akamwambia jirani, kisha jirani wa jirani, akarudi bila kofia na hajui kaiacha wapi. Mama alilia na unga mikononi. Nikipata cheti nimeahidiwa darasa la wadogo Septemba. Mwalimu! Nitakuwa mtu wa kwanza nyumbani kwetu kula mkate bila kuvunjika mgongo.

Hotuba yangu nimeshaianza. Inaitwa "Nafasi". Nitawaambia watu wa mji huu usoni kwamba watoto wao wanasomea madirishani, na shule mpya haijengwi kwa kupiga makofi.

Jumanne, 26 Mei

Kanisa halitutoshi tena, kwa hiyo mahafali yatafanyika jumba la opera. Viti elfu moja na mia nne! Tukashangilia. Kisha mwenyekiti wa halmashauri, Bwana Lattimore mwenye kinu cha unga, akasimama na kututilia mchanga kitumbuani.

Wavulana watahutubia kwa kichwa, bila karatasi. Wasichana watasoma. Karatasi mkononi, imefungwa utepe wa samawati, macho chini. Ndivyo ilivyokuwa tangu shule ilipofunguliwa. Binti kuwakodolea macho wanaume mbele ya kadamnasi si adabu. Nikanyoosha kidole: na kama nimeihifadhi yote? "Basi isahau, binti." Wavulana wakaangua kicheko. Akaongeza kwamba msichana atakayepanda bila karatasi, cheti chake kitabaki mezani.

Nimeuma ulimi mpaka nyumbani. Mwalimu Mkuu alikuwepo. Alikuwa anafuta miwani.

Jumatano, 17 Juni

Lazima niandike hili kabla halijapoa.

Mazoezi jumba la opera. Mwalimu Mkuu akapanda kule juu kabisa, viti vya bei rahisi, ndiko watakakokaa kina Baba. Wavulana wakaanza. "Sikusikii!" Wa pili. "Sikusikii!" Thaddeus masikini, mwezi mzima kafanyia mazoezi sebuleni kwao, chumba kitulivu chenye zulia, sauti yake haikufika hata safu ya tano. Minna naye akasoma, kidevu kifuani, maneno yote yakaishia kwenye karatasi. "Sikusikii, Minna!" Msichana gani huyu — Minna ninayemjua anasikika mpaka sokoni!

Zamu yangu. Nikasoma mstari mmoja. "Sikusikii, Ottilie." Wa pili. "Sikusikii." Hasira zikanipanda. Nikaishusha karatasi, nikainua kidevu, nikasema kama vile farasi wote sita wako chini yangu na kengele inalia.

Nikamaliza. Halafu kutoka kule juu, taratibu: "Nimesikia. Nimesikia kila neno." Mfagiaji akaegemeza ufagio ukutani akapiga makofi. Mwalimu Mkuu akashuka huku anafuta miwani. Bi. Thorne akamwambia, si miye niliyemfunza, ni farasi mliotuweka juu yao. Jamani! Nilitaka kuruka.

Lakini Bwana Lattimore alikuwa safu ya mbele. Vizuri sana, akasema. Ijumaa utasoma. Mwalimu Mkuu akatazama viatu vyake.

Alhamisi, 18 Juni

Mama kaupiga utepe pasi mara mbili. Baba kanunua kola mpya. Hawajui.

Nikisoma, cheti ninacho na hakuna atakayenisikia. Nikisema, watanisikia na cheti sina. Minna alikuja akauliza nitafanyaje. Sijui. Naye hajui. Wale wanne wengine je? Hawajui. Tumemaliza keki yote ya tufaha, mimi na Minna. Mama amegomba.

Ijumaa, 19 Juni, asubuhi, nyuma ya pazia

Naandika kwa penseli juu ya goti. Watu wamejaa mpaka ngazini. Baba nimemwona kwa upenyo wa pazia, juu kabisa, kola inamkaba.

Kati yetu wasichana Minna alikwenda kwanza. Alifika pale penye Mwalimu Mkuu, kwenye kijimeza cha pembeni, akaweka karatasi yake na utepe wake. Akapanda mikono mitupu! Na sauti ile — weee! Kapteni Dooley akafoka toka juu, "Huyo wetu!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bwana Lattimore naiona shingo yake tu. Nyekundu. Vyeti vyote viko mbele yake. Amechomoa kimoja, akakiweka kando.

Wa pili akaacha karatasi. Cheti cha pili kando.

Wa tatu. Wa nne. Hatukupanga, naapa! Hakuna aliyemwambia mwenzake. Wa tano yuko jukwaani sasa hivi, Hedwig mpole ambaye hata kuuliza saa anaogopa, na anasikika mpaka barabarani. Karatasi tano kwenye kijimeza. Vyeti vitano kando. Mwalimu Mkuu amesimama wima, hatazami viatu leo.

Thaddeus karudi kutoka jukwaani kabla ya Hedwig, rangi hana. Amekaa karibu yangu. Kasema: Ottilie, kule juu hawakusikia kitu. Wewe wasikie. Sikujua kama anaweza kusema hivyo.

Utepe wangu umelowa jasho. Mama kaupiga pasi mara mbili. Darasa langu la wadogo, Septemba —

Makofi. Hedwig amemaliza. Bwana Lattimore amegeuka, ananitazama mimi, kidole kiko juu ya cheti cha sita.

Wananiita. Jina lote, Ottilie Brandmeier. Mwalimu Mkuu kaja mpaka hapa nilipokaa. Kaninyooshea mkono, nikadhani anataka kuniinua. Hapana. Kiganja kiko wazi. Anaomba karatasi yangu ya hotuba, nipande mikono mitupu.